Khabari ya Nusu Dola ya Chicago, na Deni la Ahadi



Watu wakikusudia kujenga jambo kubwa, swali la kwanza huwa ni moja tu: fedha zitatoka wapi? Nia huwa imekwisha kaa moyoni, ramani imekwisha chorwa, na mafundi wanangoja kuitwa. Lakini mfuko ni mtupu. Hapo ndipo wenye akili hukaa wakatafuta njia. Wengine hupitisha bakuli. Wengine huuza vyakula na kazi za mikono. Na wengine huuza kitu kidogo cha ukumbusho, ambacho mnunuzi hukilipa zaidi ya thamani yake, hali akijua kwamba ile ziada ni mchango wake katika kazi.

Njia hii ya mwisho ni nzuri, tena ina heshima, maana mtoaji harudi nyumbani mikono mitupu. Lakini ina khatari yake, na khatari hiyo haionekani mpaka siku ya kufunga hesabu. Katika khabari za watu waliotutangulia, uko mfano mmoja unaoeleza kheri ya njia hii na khatari yake kwa pamoja, nao ni ule wa mji wa Chicago, katika nchi ya Marekani, mwaka 1892 na mwaka 1893. Watu wa kisa hiki ni wa mbali nasi kwa nchi na kwa desturi. Lakini fedha ni fedha popote ilipo, na ahadi ni deni kwa kila mtu. Kwa hiyo nimeona vema kukileta hapa, ili tukisome kwa makini.

MJI ULIOTAKA KUJIONYESHA

Mwaka 1892 ulitimiza miaka mia nne tangu Christopher Columbus avuke bahari ya Atlantiki, mwaka 1492, akafika katika visiwa vya Marekani. Wamarekani walitaka kuiadhimisha siku hiyo kwa maonyesho makubwa ya mataifa yote. Miji minne iligombea heshima ya kuyaweka: New York, St. Louis, Washington na Chicago. Chicago ulikuwa mji mchanga, tena mwaka 1871 moto mkubwa ulikuwa umeteketeza sehemu kubwa yake. Watu wa miji ya mashariki waliudharau, wakauona kuwa ni mji wa machinjio na moshi. Lakini Baraza la Kutunga Sheria, liitwalo Kongresi, liliupa Chicago, na Rais Benjamin Harrison akatia sahihi sheria hiyo mwezi wa Aprili mwaka 1890.

Kushinda heshima ni jambo moja, na kuilipia ni jambo la pili. Watu wa Chicago walifanya kampuni, wakanunua hisa, na mji wenyewe ukakopa dola milioni 5 ili kuisaidia kampuni. Wakamweka mjenzi mashuhuri, Daniel Burnham, kuwa msimamizi wa ujenzi, na Frederick Law Olmsted, bingwa wa kupanga bustani, akaligeuza eneo la mchanga na vinamasi kando ya ziwa la Michigan kuwa mahali pa mifereji na nyasi. Majumba yalijengwa makubwa mno, yakapakwa rangi nyeupe, hata watu wakapaita pale Mji Mweupe. Lakini kazi ilikula fedha kuliko ilivyokadiriwa, na mwaka 1892 wakuu wa maonyesho walibisha hodi katika mlango wa Kongresi kuomba dola milioni 5.

Kongresi haikupenda kutoa. Wajumbe wengi waliona si haki wakulima wa majimbo ya mbali watozwe kodi kwa ajili ya sherehe ya mji mmoja. Baada ya mabishano marefu ikapatikana njia ya katikati, na sheria ikatiwa sahihi tarehe 5 Agosti 1892. Serikali haitatoa dola milioni 5. Itatoa dola milioni 2 na nusu, na kiasi hicho kitatolewa kwa sarafu mpya za fedha, za nusu dola kila moja, milioni 5 kwa hesabu. Fedha ya kuzifanyia itatoka katika sarafu kuukuu zilizochakaa ambazo zilikuwa zimelala katika hazina. Na wakuu wa maonyesho, wakizipokea sarafu hizo, wataziuza kwa watu kwa dola moja kila moja. Hivyo milioni 2 na nusu zitazaa milioni 5, wala hapana atakayetozwa kodi.

Tazama, ndugu msomaji, uzuri wa hesabu hii ikiwa katika karatasi! Kila upande ulipata ulichotaka. Lakini sheria hiyo ilikuwa na sharti ndani yake: milango ya maonyesho ifungwe kila Jumapili. Makundi ya wacha Mungu wa Kikristo yalikuwa yamepeleka maombi mengi sana Kongresi, wakitaka siku yao ya ibada iheshimiwe, na wajumbe wakalitia sharti hilo katika sheria. Wakuu wa maonyesho wakakubali, wakapokea. Likumbuke sharti hilo, tutalirudia.

SARAFU YENYEWE

Mmoja wa wakuu wa maonyesho, James Ellsworth, alikuwa mkusanyaji wa sarafu za kale, naye ndiye aliyeshikilia kwamba isiwe nusu dola ya kawaida, bali iwe sarafu ya namna yake, yenye uso wa Columbus. Ugumu ulikuwa katika uso wenyewe, kwani hapana picha iliyojulikana kwa yakini kuwa ilichorwa hali Columbus akiwa hai. Kila mchoraji alimchora kwa kukisia. Ikawa Charles Barber, fundi mkuu wa nakshi katika nyumba ya serikali ya kupigia chapa sarafu, alitengeneza uso, na fundi mwenziwe, George Morgan, akatengeneza mgongo: merikebu ya Columbus yenye matanga, na chini yake nusu mbili za dunia, ile ya kale na ile mpya, pamoja na mwaka 1492.

Sarafu ya kwanza ilipigwa chapa mjini Philadelphia tarehe 19 Novemba 1892. Ilikuwa sarafu ya kwanza ya ukumbusho katika khabari zote za Marekani, na mwanzo wake ulikuwa wa shangwe kubwa. Kampuni iliyokuwa ikiuza mashine za taipu za Remington ililipa dola 10,000 kwa ile moja ya kwanza, ili jina lake litajwe katika magazeti. Wakuu wa maonyesho walipoona mtu ametoa dola 10,000 kwa nusu dola, bila shaka walidhani kwamba watu wa kutoa dola moja watakuwa hawana hesabu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Sasa na tuipime sarafu hii. Uzito wake ulikuwa gramu 12 na nusu, na katika kila sehemu kumi za uzito huo, tisa zilikuwa ni fedha safi. Kwa bei ya siku zile, fedha iliyokuwamo haikufika theluthi ya dola. Hiyo ndiyo thamani ya kwanza, ambayo hupimwa kwa mizani. Thamani ya pili ni senti 50, ambayo serikali iliipa kwa sheria, na kila muuza duka alilazimika kuikubali. Na thamani ya tatu ni dola nzima, ambayo wakuu wa maonyesho waliitaka. Hii ya tatu haikuwa katika mizani wala katika sheria. Ilikuwa katika moyo wa mnunuzi tu. Ilisimama juu ya mambo mawili: mapenzi yake kwa ile kazi, na imani yake kwamba kitu alichouziwa kwa dola hakitatupwa sokoni kesho kwa nusu yake.

Mambo haya matatu ndiyo kiini cha maneno yangu. Anayeuza kitu cha ukumbusho ili kukusanya mchango huuza imani. Madini huwa ni chombo chake tu.

SARAFU YA WANAWAKE, NA MALKIA WA GRANADA

Wanawake nao walikuwa na baraza lao katika maonyesho hayo, na mkuu wake alikuwa Bertha Palmer, mke wa tajiri mmoja wa Chicago. Walikuwa na jengo lao, na ramani ya jengo hilo ilichorwa na mwanamke, Sophia Hayden. Bibi Palmer alipoona wanaume wamepata sarafu, akaomba na wao wapate. Mwezi wa Machi mwaka 1893 Kongresi ikakubali kwamba dola 10,000 katika fungu lao zitolewe kwa sarafu za robo dola, 40,000 kwa hesabu. Upande mmoja uliwekwa uso wa Malkia Isabella wa Hispania, aliyemgharamia Columbus, na upande wa pili mwanamke aliyepiga magoti akisokota uzi, ishara ya kazi ya wanawake. Nazo ziliuzwa kwa dola moja. Watu wakahesabu vidole vyao: kwa dola ile ile, wanaume wanatoa nusu dola, na wanawake wanatoa robo! Wengi wakachagua ya Columbus. Kiasi cha 16,000 katika zile 40,000 zilirudishwa zikayeyushwa.

Kwetu sisi Waislamu jina la malkia huyu halipiti hivi hivi. Mwaka ule ule wa 1492, tarehe 2 Januari, ndipo Isabella na mumewe Ferdinand walipopokea funguo za mji wa Granada, tunaouita Gharnata, kutoka kwa sultani wake wa mwisho, Abu Abdillahi Muhammad. Dola ya Kiislamu katika Andalusia ikakoma baada ya karibu miaka mia nane. Na mkataba wa safari ya Columbus ulitiwa sahihi mwezi wa Aprili mwaka huo katika Santa Fe, mji uliojengwa kuwa kambi ya kuuzingira mji huo wa Granada.

Kabla ya Granada kufungua milango yake, watu wake waliandikiana na wafalme hao mkataba, mwezi wa Novemba mwaka 1491. Ndani yake waliahidiwa kwamba dini yao, misikiti yao na makadhi wao havitaguswa. Haikutimia miaka kumi. Mwaka 1499 watu wakaanza kubatizwa kwa nguvu, na mwaka 1502 Waislamu wa ufalme wa Castile wakaamriwa wachague ubatizo au kuhama. Siyataji haya ili kuamsha chuki ya mambo ya kale, kwani wale waliotenda na wale waliotendewa wote wako mbele ya Mola wao. Nayataja kwa sababu mafundi wa Philadelphia, bila ya kukusudia, waliuweka katika sarafu ya robo dola uso wa mtu ambaye ahadi yake iliyoandikwa haikudumu. Na sasa tutaona jinsi ahadi zilivyokwenda katika Chicago yenyewe.

AHADI TATU

Maonyesho yalifunguliwa tarehe 1 Mei 1893. Haikupita wiki, soko la hisa la New York likatetereka, na nchi nzima ikaingia katika msukosuko wa fedha. Mabenki yakafungwa kwa mamia, makampuni ya reli yakafilisika, na wafanyakazi wengi wakabaki bila kazi. Mwezi wa Juni serikali ya India nayo ikafunga nyumba zake za kupigia chapa fedha za watu, na bei ya fedha duniani ikaanguka. Rupia hiyo ya India ndiyo iliyokuwa ikitumika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na baadaye katika bara pia, kwa hiyo msukosuko wa fedha wa mwaka ule uliwafikia hata wazee wetu, ambao pengine jina la Chicago hawakulisikia maishani mwao.

Katika hali hiyo, nani atatoa dola kwa nusu dola? Kiingilio cha maonyesho kilikuwa senti 50. Gurudumu kubwa la George Ferris, lililosimama futi 264 na kuwabeba watu hewani, nalo lilitaka senti 50. Basi mtu mwenye dola moja aliweza kuingia, akaona maajabu ya mataifa, akapanda gurudumu, akaiona Chicago yote chini ya miguu yake. Au aliweza kununua sarafu moja. Na sarafu hiyo akiipeleka mlangoni, italipa kiingilio cha mtu mmoja tu. Kwa mfanyakazi ambaye dola ilikuwa sehemu kubwa ya ujira wake wa siku, uamuzi haukuwa mgumu.

Hapo ndipo ahadi zilipoanza kulegea, moja baada ya moja.

Ahadi ya kwanza kulegea ni ya serikali. Katika mwezi wa Machi mwaka 1893, kabla ya maonyesho kufunguliwa, Kongresi ilizuia sehemu ya sarafu zile, za thamani ya dola 570,880, ili ziwe dhamana ya gharama za waamuzi na tuzo. Wakuu wa maonyesho wakasema: mkataba ulikuwa wa sarafu milioni 5, nanyi mmezuia zaidi ya milioni moja, basi ninyi ndio mliotangulia kuuvunja.

Ahadi ya pili ni ya wakuu wa maonyesho. Wakiishika hoja hiyo, na wakiuona mfuko ukipungua, mwishoni mwa mwezi wa Mei walifungua milango siku ya Jumapili. Wapinzani wakaenda mahakamani. Mahakama moja ikaamuru milango ifungwe, mahakama iliyo juu yake ikaitengua amri hiyo. Majira ya joto yote yakapita katika mashauri. Na ajabu ni hii: baada ya ugomvi wote huo, watu waliokuja siku za Jumapili walikuwa wachache kuliko siku nyingine. Sharti likavunjwa, heshima ikapungua, na faida haikuonekana.

Ndugu zangu, mimi sisemi lolote juu ya Jumapili yenyewe, kwani hiyo ni siku ya ibada ya watu wengine, na wao ndio wenye kuijua haki yake. Ninasema juu ya sharti. Mtu aliyepokea mali kwa sharti hana ruhusa ya kulisahau sharti na kuikumbuka mali. Kama sharti lilikuwa zito, lilipasa kukataliwa siku ya kwanza, kabla mkono haujanyoshwa kupokea. Na kosa la mwenziwe halimwondolei mtu wajibu wake mbele ya wale wa tatu waliomwamini.

Na hao wa tatu ndio wenye ahadi ya tatu, nao ni wanunuzi. Hawa hawakuandikiwa mkataba, wala hawakuwa na wakili. Lakini bei yenyewe ilikuwa ni ahadi. Mtu aliyeambiwa kwamba kitu hiki ni cha ukumbusho, na kwamba hutakipata ila kwa dola, alielewa kwamba kitabaki hivyo. Walioitoa dola hiyo hawakuwa matajiri peke yao. Alikuwako baba aliyemnunulia mtoto wake, na mkulima aliyetaka kurudi kwao na alama ya siku aliyouona Mji Mweupe.

Hesabu ilipofungwa, ikaonekana kwamba sarafu 950,000 zilikuwa zimepigwa chapa kwa tarehe ya 1892, na zaidi ya milioni 4 kwa tarehe ya 1893. Katika hizo, kiasi cha nusu, yaani milioni 2 na nusu, zilirudishwa katika tanuri zikayeyushwa. Zilizouzwa kwa dola zilikuwa sehemu ndogo. Zilizosalia, nyingi sana, ziliachiliwa ziingie sokoni kwa senti 50. Mtu aliyelipa dola akaiona ndugu ya sarafu yake katika chenji ya sukari na ya mafuta ya taa. Ile iliyowekwa katika kisanduku kama johari, nyingine kama hiyo hiyo ilikuwa inapita mikononi mwa watu, ikichakaa hata uso wa Columbus ukawa laini kama kokoto la mtoni.

Sheria haikuvunjwa, kwani tangu mwanzo ilikuwa nusu dola halali. Lakini imani iliumia. Na imani ikiumia, mwenye kudhurika si yule aliyeitumia vibaya peke yake. Hudhurika na kila atakayekuja baada yake kuomba.

YALIYOBAKI

Insafu inatutaka tuseme pia kheri iliyopatikana. Maonyesho yenyewe hayakushindwa. Watu waliingia milangoni zaidi ya mara milioni 27. Tarehe 9 Oktoba, siku ya kuukumbuka moto wa mwaka 1871, waliingia zaidi ya laki saba kwa siku moja, na viingilio ndivyo vilivyowawezesha wakuu kulipa madeni. Kilichowaokoa kilikuwa ile senti 50 ya mlangoni, ambayo kila mtu alijua anaitoa kwa nini na anapata nini. Furaha haikukamilika, maana siku mbili kabla ya kufunga, meya wa mji, Carter Harrison, aliuawa nyumbani kwake, na sherehe za kufunga zikageuka kilio. Mwaka uliofuata moto uliteketeza mengi katika majumba yale meupe. Jumba la sanaa lilisimama, likajengwa upya kwa mawe, na hata leo ni jumba la makumbusho ya sayansi.

Kwa Waislamu iko kumbukumbu nyingine. Katika mtaa wa mfano wa Cairo, uliojengwa pale ili watu watazame, palikuwa na mnara na msikiti. Na mwezi wa Septemba mwaka 1893, katika mkutano wa dini za ulimwengu uliofanywa mjini Chicago wakati wa maonyesho, Mmarekani mmoja aliyesilimu, Mohammed Alexander Russell Webb, aliyekuwa zamani balozi mdogo wa nchi yake mjini Manila, alisimama akaeleza Uislamu mbele ya umati wa watu. Hivyo katika mwaka ambao uso wa Isabella uliuzwa kwa dola, neno la Kiislamu lilisikilizwa katika mji huo huo.

Mtu aweza kuuliza: je, kwa sheria yetu, biashara ya nusu dola kwa dola ina hukumu gani? Sikusudii kutoa fatwa katika kurasa hizi, lakini msingi unajulikana na kila mwanafunzi wa fiqhi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliagiza kwamba dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha vibadilishwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Na sahaba wake Ubada bin as-Samit alisimama hadharani kukataza kuuzwa kwa vyombo vya fedha kinyume cha agizo hilo. Mafundi wataringia nakshi yao, lakini nakshi haifungui mlango huo. Hekima yake tunaiona katika kisa hiki kwa macho: ziada isiyokuwa na kitu cha kuisimamia hugeuka kuwa hasara ya mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni yule dhaifu aliyeamini.

Wamarekani wenyewe walijifunza kwa taabu. Mwaka 1900 waliuza sarafu ya fedha ya dola moja kwa dola mbili, ili kusaidia sanamu ya Lafayette iliyopelekwa Paris katika maonyesho ya mwaka huo. Zilipigwa chapa 50,000, na maelfu hayakununuliwa, yakalala katika hazina hata yakayeyushwa mwaka 1945. Mwaka 1915, kwa maonyesho ya San Francisco, ziliuzwa tena nusu dola kwa dola moja, na zaidi ya nusu ya zilizopigwa chapa zikarudi tanurini. Katika miaka ya 1930 sarafu za ukumbusho zikawa nyingi kupita kiasi, na walanguzi wakazitia mkono, hata Kongresi ikaifunga milango.

Zilipoanza tena, utaratibu ulikuwa umebadilika. Tangu sarafu za michezo ya Olimpiki za mwaka 1983 na 1984, sheria hutaja wazi kiasi cha mchango kilichomo ndani ya bei; katika dola ya fedha ya michezo hiyo kilikuwa dola 10. Na sheria ya mwaka 1996 iliweka mpaka wa idadi ya ukumbusho kwa mwaka, na ikawataka wanaopokea michango hiyo watafute na fedha zao wenyewe na waonyeshe hesabu zilizokaguliwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka mia moja tangu Chicago. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno manne tu bila ya bunge: mali bila daftari hupotea, nao wakaongeza, bila khabari.

MAFUNZO

Basi tukikusanya, tunapata mambo matatu ya kuwafaa watu wote wenye kuchangisha.

La kwanza, bei ya kitu na mchango uliomo visifichane. Mnunuzi aambiwe: hiki ni kitu, na hii ni sadaka yako. Akijua, hata kitu kikishuka bei kesho, hatasema ameibiwa, maana alichokitoa alikitoa kwa moyo.

La pili, hesabu ya vitu ilingane na idadi ya wapenzi. Chicago walipiga chapa milioni 5 kwa sababu walihitaji dola milioni 5. Hawakupima kama wako watu milioni 5 wenye kutaka. Haja ya muuzaji haizai hamu ya mnunuzi.

La tatu, sharti ulilolipokea pamoja na mali ulishike, na bei uliyowatoza wa kwanza usiivunje mbele ya macho yao kwa kuwa mfuko umekubana. Wa kwanza kukuamini ndio wenye haki kubwa juu yako.

Leo nusu dola ya Columbus haina uhaba. Wakusanyaji huipata bila shida, kwa kuwa zilibaki nyingi mno, na robo dola ya Isabella, iliyopuuzwa wakati ule, ndiyo yenye bei kubwa zaidi kwa uchache wake. Hivyo ndivyo dunia inavyogeuza mizani. Lakini ukibahatika kuishika moja ya nusu dola hizo zilizochakaa, itazame vizuri. Alama za nakshi zilizofutika zinakuonyesha mikono mingi iliyoipokea kwa senti 50, baada ya mkono mmoja, pahala fulani, kutoa dola nzima kwa ndugu yake na kuamini.

Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuchunga amana zao na ahadi zao, na atubarikie katika kila kidogo tunachokitoa na kila kidogo tunachokipokea. Amin.